Atakuja Nani?

Ujumbe ulimfikia mtoto wa marehemu kaka yangu siku ya Jumapili, tumetoka kanisani. Rafiki yake wa zamani, waliosoma pamoja Oicha, alimwandikia kwa WhatsApp: njoo huku, tuko na Wazalendo, bunduki zipo, usibaki huko kungoja posho ya mwezi. Kijana hakunificha. Alinipa simu nisome mwenyewe, akasimama akingoja niseme kitu.

Nikamwambia, "Wewe una miaka 17."

Akajibu, "Baba mudogo, baba alikufa akiwa na jembe mukononi. Angekuwa na kitu ingine, je?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwalimu wa historia, kazi yangu kule Beni ilikuwa kuuliza watoto maswali na kusahihisha majibu yao. Hili lilinishinda. Ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa hapa Rwamwanja, najua swali hili limelala nyumbani kwako pia. Kama wewe ni mfanyakazi wa shirika, labda hujawahi kulisikia, maana hatuliulizi mbele ya watu wenye daftari. Nimeandika haya kwa ajili ya nyinyi wote wawili.

*

Wiki ile ile tulikuwa na mama mmoja wa makamo kutoka Uholanzi, anayekuja kwenye darasa letu la kusoma na kuandika. Vijana walianza kubishana habari za silaha, kama kawaida yao. Yule mama akasema, "Kwetu, mtu akiwa na bunduki nyumbani, tunamwogopa yeye kwanza kabla ya kumwogopa mwizi." Akaeleza kwamba kwao raia hapati bunduki hivi hivi, ni lazima awe mwindaji au mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na polisi wampe kibali. Halafu akasema jambo lililonikaa kichwani. Kila kijana wa Uholanzi akifika miaka 17 anapokea barua ya serikali. Barua inamwambia: umeandikishwa kwa ajili ya jeshi, lakini kwa sasa huna haja ya kuja. Tangu mwaka 2020 hata wasichana wanaipata.

Mtoto wa kaka yangu alicheka kidogo. Kwao barua inasema usije, kwetu ujumbe unasema njoo haraka. Akamwuliza yule mama, "Na adui akija?"

Mama akanyamaza. Halafu akasema, "Bibi yangu alikuwa mtoto Rotterdam mwaka 1940. Yeye angekujibu vizuri kuliko mimi."

Basi nikaenda kusoma. Nataka kuwaeleza nilichokikuta, kwa sababu wengi wetu tunadhani Wazungu wa namna hii wanachukia bunduki kwa sababu hawajawahi kufikiwa na vita. Si kweli.

Uholanzi ni nchi ndogo, robo hivi ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, na majirani zake ni wakubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918, walikaa pembeni wakasema sisi hatuna upande, na vita vikawapita. Wakaiamini njia hiyo. Miaka iliyofuata, watu wengi pale walivaa beji ndogo kwenye koti, yenye picha ya bunduki iliyovunjika katikati. Maana yake: hatutaki tena. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona jirani zao Wabelgiji na Wafaransa walivyozika vijana.

Mei 10, 1940, Wajerumani waliingia bila kujali kwamba Uholanzi haina upande. Mei 14 ndege zao ziliunguza katikati ya mji wa Rotterdam, mamia ya watu wakafa, na jioni ile jeshi la Uholanzi likakubali kushindwa. Siku 5 tu. Kilichofuata ni miaka 5 ya kutawaliwa, na katika miaka hiyo zaidi ya Wayahudi 100,000 wa nchi ile walipakiwa kwenye treni wakapelekwa kuuawa.

Baada ya hapo Waholanzi hawakusema tena kwamba hawana upande. Mwaka 1949 waliingia NATO tangu siku ya kuanzishwa kwake. Na tuseme ukweli wote: watu hao hao, mara tu walipotoka chini ya Wajerumani, walipeleka askari Indonesia kupigana na watu waliotaka uhuru wao, mpaka 1949. Serikali yao iliomba radhi kwa ukatili ule mwaka 2022. Kumbe mtu anaweza kuchukia bunduki mlangoni kwake na kuipeleka mlangoni kwa mwenzake.

Lakini ile roho ya bunduki iliyovunjika haikufa. Mwaka 1981 watu kama 400,000 waliandamana Amsterdam kukataa makombora ya nyuklia, na mwaka 1983 wengine zaidi ya 500,000 wakaandamana The Hague. Vita baridi ilipokwisha, wakaacha kuwaita vijana jeshini, ndiyo maana ya ile barua. Mwaka 2011 wakaamua kuondoa vifaru vyao vyote vilivyobaki. Halafu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 hesabu ikabadilika, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kwamba itanunua vifaru tena.

Nilipomaliza kusoma, jambo moja lilinijia. Mholanzi hakuacha kulindwa. Aliacha kushika silaha kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu aliamini kuna mwingine anayeishika kwa niaba yake: polisi wake, jeshi lake, na nyuma yao marafiki wakubwa wenye ndege. Chuki yake kwa bunduki imesimama juu ya imani hiyo. Imani ikitikisika, anarudi dukani kununua kifaru.

Nikajiambia, haya nimeyajua, lakini kijana hatanisikia nikimwambia habari za Rotterdam. Nitampeleka Bugoye.

*

Bugoye anaishi mjomba wangu, kaka yake mama. Kwa wasiofahamu: sisi Wanande wa Congo na Wakonzo wa Uganda ni watu wamoja, lugha yetu ni moja, na mlima wetu ni mmoja, Rwenzori. Mpaka waliouchora Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910 ulipita katikati ya familia. Mama alizaliwa upande huu akaolewa upande ule. Ndiyo sababu mwaka ule tulipokimbia na kuvuka Mpondwe, usiku wa kwanza hatukulala kwenye turubai. Tulilala Bwera kwa ndugu, halafu Bugoye kwa mjomba, kabla ya kuja kuandikishwa kambini.

Tulipanda taksi mpaka Fort Portal, nyingine ya kushuka kuelekea Kasese, tukateremka kwenye njia panda, tukachukua bodaboda mbili mpaka Bugoye. Mto Mubuku ulikuwa umejaa. Barabara ile ndiyo wanayopita wageni wanaokwenda kupanda mlima kwenye barafu, na chini yake kuna mitambo ya umeme inayosukumwa na maji ya mto. Mjomba ana kahawa, maharage na mbuzi 4. Alitukaribisha kwa bundu na sombe, hakuuliza kilichotuleta mpaka tuliponawa mikono.

Nikamweleza. Akamtazama kijana muda mrefu, akasema, "Mjukuu wangu, mimi niliishika hiyo kitu. Niliishika miaka 7. Uliza unachotaka."

Ili mwelewe maneno yake, lazima nieleze kwa kifupi historia ya mlima huu.

Chini ya Waingereza, Wakonzo na Waamba waliwekwa ndani ya ufalme wa Toro. Walilipa kodi, lakini machifu, shule na lugha ya ofisini havikuwa vyao. Mapema kabisa, kati ya 1919 na 1921, Nyamutswa, Tibamwenda na Kihokolho waliongoza uasi. Walikamatwa wakauawa mwaka 1921, na wamezikwa Kagando, hapa hapa Kasese. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, wawakilishi wa Wakonzo na Waamba walitoka nje ya baraza la Toro. Walitaka wilaya yao. Wakanyimwa. Isaya Mukirane na wenzake wakatangaza Rwenzururu kuwa utawala unaojitegemea, na yeye akapanda mlimani. Februari 1963 serikali ikatangaza hali ya hatari.

Silaha zao mwanzoni zilikuwa mikuki na panga, bunduki zilikuwa za kuhesabu. Mukirane alifariki mlimani mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akatawazwa Oktoba mwaka huo huo, akiwa bado mtoto. Mwaka 1974 Idi Amin aliwapa watu wa mlima wilaya zao, mbali na Toro. Lile walilolidai mwaka 1962 likapatikana, lakini waliokuwa mlimani hawakushuka. Walishuka Agosti 15, 1982, baada ya mazungumzo na serikali ya Obote, ambayo Amon Bazira, mtoto wa Kikonzo, alikuwa kiungo chake. Mumbere na watu wake wakakabidhi silaha. Miaka 20 mlimani ikaishia hapo. Kijana mfalme akapelekwa Marekani kusoma.

Mjomba alikuwa mmoja wa walioshuka siku ile.

*

Kijana akamwuliza, "Babu, mulipokuwa na bunduki, munaogopa?"

"Tuliogopa sana," mjomba akasema. "Ila nitakuambia jambo wasilokuambia hao rafiki zako. Mkuki haukuli. Unauegemeza ukutani, unakusubiri hata mwaka. Bunduki inakula. Inataka risasi, risasi inataka pesa, pesa iko wapi? Iko kwa jirani. Tulianza kwa kuomba. Mama anakupa ndizi kwa moyo, anakuita mwanangu. Mwaka wa pili unamwambia lete. Mwaka wa tatu anakuona unakuja, anaficha mbuzi. Siku nilipomwona mama mmoja wa huku juu anaficha mbuzi kwa sababu yangu mimi, nikajua nimekuwa kitu kile tulichokikimbia."

Kijana akainamisha kichwa. Nadhani alikumbuka vizuizi vya barabarani kule kwetu, vya jeshi na vya Mai-Mai, kila kamba ina bei yake. Wote wanasema wanatulinda.

"Kwa hiyo ulifurahi kuiacha?" nikauliza.

"Nilifurahi. Nililala usingizi." Akanyamaza. "Halafu wakaja wale wengine."

Novemba 13, 1996, wapiganaji wa ADF walivuka kutoka Congo wakashambulia Mpondwe na Bwera. Jeshi la Uganda liliwarudisha baada ya mapigano, lakini wakajificha mlimani, na kwa miaka kadhaa Rwenzori haikukalika. Watu wa juu wakashuka kulala kwenye kambi na kwenye makanisa, wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao. Hifadhi ya mlima ilifungwa mwaka 1997 ikafunguliwa tena 2001. Juni 1998, kwenye chuo cha ufundi Kichwamba, karibu na Fort Portal, wanafunzi 80 waliuawa, wengi kwa moto bwenini.

Mjomba alisema katika miaka ile alijilaumu. Alikaa hapa Bugoye usiku, taa imezimwa, akiwaza: nilikabidhi bunduki yangu kwa nani, na huyo niliyemkabidhi yuko wapi usiku huu? Serikali iliwafundisha vijana wa vijijini wakawa walinzi wa kienyeji, wale walioitwa LDU. Yeye walimwita pia, kwa vile alijua njia za mlimani. Hakwenda. Alikubali kuonyesha askari njia, lakini silaha alikataa kushika tena.

"Sababu gani?" kijana akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kulaumu.

"Kwa sababu safari hii kulikuwa na mtu wa kuuliza," mjomba akasema. "Askari akinikosea, nilijua kambi yake, nilijua mkubwa wake. Sisemi mkubwa alisikiliza kila mara. Nasema nilijua mlango wa kugonga. Wakati wa mlimani, mimi ndiye niliyekuwa mlango, na hakuna aliyethubutu kunigonga."

*

Sasa msidhani hadithi hii imekaa sawa kama meza. Mlango wa kugonga unaweza kufunguliwa na mtu anayekupiga. Ufalme wa Rwenzururu ulitambuliwa na serikali Oktoba 2009, watu wakacheza ngoma. Miaka 7 baadaye, Novemba 26, 2016, palitokea mapigano kati ya walinzi wa mfalme na polisi, polisi kadhaa wakauawa, na kesho yake jeshi na polisi wakaivamia ikulu ya Kasese. Zaidi ya watu 100 walikufa, na Human Rights Watch walieleza kwamba watoto walikuwamo. Mfalme alikamatwa, na mashtaka hayakuondolewa mpaka Juni 2023.

Na mwezi huo huo, usiku wa Juni 16, 2023, ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, kama kilomita 2 tu kutoka mpakani. Wavulana walichomewa bwenini. Wasichana walikatwa mapanga. Zaidi ya watu 40 walikufa, karibu wote wanafunzi, na mlinzi wa shule akiwamo. Wengine walitekwa wakapelekwa msituni upande wa Virunga. Ndugu yetu wa Bwera, aliyetupa godoro usiku wetu wa kwanza, alizika mtoto wa jirani yake wiki ile.

Kwa hiyo mtu wa Kasese ana haki ya kusema: waliopewa kazi ya kunilinda walikuja mwaka 2016 nisipowaita, na mwaka 2023 hawakuwahi nilipowahitaji. Mjomba anayasema hayo, tena kwa sauti. Hasemi kwamba serikali ni nzuri. Anachosema ni kwamba lawama hiyo ana mahali pa kuipeleka, na atakufa akiipeleka.

*

Usiku, kijana amelala, nilimwambia mjomba habari za Waholanzi. Zile beji, ile barua ya miaka 17. Alicheka kama kijana alivyocheka. Nikamwambia kuna sehemu sijamaliza.

Mwaka 1993, katika vita vya Bosnia, Umoja wa Mataifa uliutangaza mji wa Srebrenica kuwa eneo la usalama. Mapatano yalisema wapiganaji Waislamu waliokuwa ndani wakabidhi silaha zao, na askari wa Umoja wa Mataifa wawalinde. Baadhi ya silaha zilikabidhiwa. Mwaka 1994 kazi hiyo ya kulinda ilichukuliwa na kikosi cha Uholanzi: vijana wa nchi ile ile ya bunduki iliyovunjika, mamia machache, na silaha nyepesi. Julai 1995 jeshi la Waserbia wa Bosnia chini ya Ratko Mladić likaja. Waholanzi waliomba msaada wa ndege, ukaja kidogo na kwa kuchelewa. Julai 11 mji ukaanguka. Watu walikimbilia kambi ya Waholanzi. Wanaume na wavulana wakatenganishwa na wanawake, na katika siku chache zilizofuata zaidi ya 8,000 waliuawa.

Mjomba aliniuliza, "Na wale askari?"

Wengi wao hawajapona rohoni mpaka leo. Mwaka 2002 ilitoka ripoti ndefu, na serikali yote ya Uholanzi ikajiuzulu. Akina mama wa Srebrenica waliishtaki nchi ile mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama Kuu kabisa ya Uholanzi ikasema: kwa wanaume kama 350 waliokuwa ndani ya kambi wakatolewa nje, serikali ina sehemu ya lawama, asilimia 10. Mwaka 2022 waziri wao wa ulinzi aliwaomba radhi wafiwa.

Mjomba alirudia, "Asilimia 10." Akatikisa kichwa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Ni kidogo. Lakini kuna mtu aliitwa akajibu. Huko kwenu Beni, nani ameitwa?"

Nilikaa kimya, maana najua. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014, na yameendelea: Eringeti, Mbau, Oicha. Jeshi lilikuwapo. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwapo, magari meupe tuliyaona kila siku. Novemba 2019 watu wa Beni walichoka, wakaandamana, wakachoma ofisi ya meya na kambi ya Umoja wa Mataifa. Sikufurahia moto ule, lakini niliuelewa. Watu walikuwa wameita miaka 5.

*

Hapa ndipo ninapotaka kusema nilichokileta kutoka Bugoye.

Tunabishana kila siku: bunduki ni mbaya, bunduki ni nzuri. Mashirika yanatuletea semina za amani, vijana wanaleta video za wapiganaji kwenye simu. Nadhani sote tunauliza swali la pembeni. Mtu anayeacha silaha haachi tu, anamwachia mtu. Ni kama kumpa mwenzako mtoto akushikie. Mjomba aliiachia serikali mwaka 1982. Watu wa Srebrenica waliwaachia Umoja wa Mataifa. Waholanzi wenyewe wameliachia jeshi lao na marafiki zao. Kila mmoja wao alikuwa na haki ya kuuliza: nikipiga kelele usiku, atakuja nani, atafika baada ya muda gani, na asipokuja nitamshtaki wapi?

Anayeshika bunduki mwenyewe naye hajalikimbia swali hilo. Amelihamishia kwa jirani yake. Jirani ndiye atakayeuliza sasa: huyu kijana mwenye bunduki akinidai mbuzi, nimwite nani?

Kwa hiyo ninyi wenzetu wa mashirika, mkija kutuambia tuseme hapana kwa silaha, tunawasikia, na wengi wetu tunakubali. Lakini msiishie hapo. Njoo usiku mmoja ukae kwenye kijiji cha mwisho cha kambi, kule taa zisikofika, upige ile namba ya simu iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo. Hesabu dakika. Andika dakika hizo kwenye ripoti yako, mahali unapoandika idadi ya waliohudhuria semina. Kijana anayepata jibu la simu ndani ya dakika 15 ni vigumu kumwita msituni.

Na sisi wakazi, tusingoje tufanyiwe yote. Tuna filimbi, tuna zamu za usiku, tuna wenyeviti tuliowachagua. Zamu ikilala, aliyelala aulizwe. Mlinzi wetu akimpiga mtu au kuomba pesa, tumtoe hadharani, hata kama ni ndugu. Tukizoea kuwauliza walinzi wadogo, tutakuwa na kinywa cha kuwauliza wakubwa, hapa na siku ile tutakaporudi nyumbani. Kama hatuwezi kumwuliza mwenye filimbi, mwenye bunduki tutamweza vipi?

*

Asubuhi mjomba alimpa kijana panga la kufyekea kahawa, wakaenda shambani. Niliwaona kwa mbali, mzee anaonyesha, kijana anakata. Sikusikia walichozungumza. Tulipoaga, mjomba hakumwambia asiende. Alimwambia tu, "Ukitaka kwenda, pita kwanza hapa uniage. Nami nitakuambia majina ya niliowaacha mlimani. Wana mama zao, wengine wako hai."

Kwenye taksi ya kurudi, tulipopita Fort Portal, kijana alitoa simu. Nilidhani anajibu ule ujumbe. Kumbe alikuwa akitafuta jina la ule mji wa Bosnia, ananiuliza unaandikwaje. Nikamwandikia.

Ule ujumbe bado hajaujibu. Wala hajaufuta, nimeuona. Kila Jumapili tukitoka kanisani namtazama anavyoshika simu, namwomba Mungu, na jioni nakwenda zamu. Wiki hii yeye ameomba aende nami. Nimempa filimbi.